Ukitaka Kusema, Njoo na Jiwe

Mwenyekiti alikuwa hasomi barua ya serikali peke yake. Nililijua hilo wiki ileile niliyoripoti kazini, nilipompelekea barua yangu ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya mchongoko nilivyovinunua Morogoro mjini makusudi, ili nionekane Mtendaji. Nilianguka mara tatu njiani. Mimi ni mtu wa Dumila. Kwetu ardhi imelala, ukianguka unabaki palepale. Kule Uluguru ukianguka ndiyo kwanza unaanza safari. Nilimkuta shambani kwake anapalilia karoti, suruali yangu ina tope hadi kiunoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kuna barua ya haraka kutoka wilayani."

"Marahaba, baba. Imeandikiwa nani?"

"Wewe."

"Hebu soma bahasha vizuri."

Nikasoma: Mwenyekiti, Serikali ya Kijiji. Akatikisa kichwa, jembe likaendelea. "Ya kijiji hiyo. Tutaisoma na kijiji Jumapili, baada ya misa. Pole na safari. Na hivyo viatu, utawapelekea wadogo zako."

Haraka ya wilayani ikasubiri siku nne. Siku hizo nne, naapa, simu ilikuwa inalia kila asubuhi kuniuliza majibu yako wapi.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze kidogo. Kijiji kina wakubwa wawili. Mwenyekiti anachaguliwa na wananchi, watu anaopalilia nao na kuzika nao. Mtendaji anaajiriwa na kuletwa, leo yuko hapa, kesho atapelekwa Kisaki akapambane na mbu. Maelekezo ya juu yanamshukia Mtendaji, na maneno ya chini yanampanda Mwenyekiti, na wote wawili wanakutana kwenye kimeza kimoja chenye mguu mbovu. Nilikaa naye kwenye kimeza hicho miaka tisa. Watu wengine wana mke na hawajakaa naye hivyo.

Jumapili ile alisoma barua mbele ya kanisa la kigango, amevaa miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi wa kushonea. Alisoma sentensi moja kwa Kiswahili, akaigeuza kwa Kiluguru kwa ajili ya bibi waliokaa mbele, kisha akaweka na ya kwake. Akifika kwenye neno "mnaagizwa" alikuwa anavua miwani. "Tunaagizwa," anasema. "Haya. Naona kuombwa kumeshindikana." Watu wanacheka, yeye hacheki, anavaa miwani, anaendelea.

Msidhani alikuwa mpinzani wa serikali. Thubutu! Bendera ya ofisi aliifua kwa mkono wake na kuipiga pasi ya mkaa. Mwalimu mgeni akiletwa, yeye ndiye aliyemtafutia chumba na mboga ya wiki ya kwanza. Mtu akisema "serikali haina maana" alikuwa anamkata kauli: "Chanjo ya wanao ulitengeneza wewe?" Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu, kuamuliwa jambo bila kuulizwa. Alisema jengo ni la watu wawili. Paa bila ukuta ni mwavuli, na ukuta bila paa ni zizi. Nilimsikia akilisema hilo mara mia, na mara zote alilisema kana kwamba limemjia sasa hivi.

Na alijua anachokisema kuhusu kuta, kwa sababu kuta ndizo zilizomchosha umri wake wote wa uongozi.

Kijiji kile kilikuwa hakina zahanati. Mgonjwa alibebwa kwa machela ya miti na kanga hadi barabarani, mwendo wa saa mbili na nusu kama hakuna mvua. Mvua ikinyesha, mnamwachia Mungu. Mkwewe mwenyewe alijifungua njiani, kwenye jiwe la kuvukia kijito, wanaume wamegeuka wanatazama migomba. Mtoto alipona, ni binti mtundu kuliko wote niliowahi kuwaona. Lakini kuna wengine wawili waliobebwa machela ileile mwaka uleule ambao hawakufika, na Mwenyekiti alikuwa mbele ya machela zote mbili. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, akimenya njegere, na sauti yake ilibadilika nikaona aibu kumtazama usoni. Hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya zahanati ile, na aliitaka kulekule juu, walipo akina mama.

Utaratibu wa nchi unajulikana: wananchi wanyanyue boma, serikali ipaue na kuleta mganga. Basi wakaanza msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji. Tatizo likawa mawe ya msingi. Mawe yalikuwa kijitoni, hatua kama mia tatu kushuka, na kila Jumamosi watu wanaokuja kubeba walikuwa kumi, ilhali kwenye mkutano wa Jumapili wanaokuja kusema walikuwa mia mbili.

Ndipo akatoa kanuni yake. Ukitaka kusema mkutanoni, njoo na jiwe. Jiwe moja, zamu moja ya kusema. Ukijibu hoja, jiwe lingine. Na si kokoto, ni jiwe la kubebwa kichwani.

Watu walidhani utani. Jumapili iliyofuata jirani yake mmoja, muuza kabichi, mwanamume mpenda maneno kuliko chakula, alisimama kuchangia kama kawaida yake. Mwenyekiti akamtazama miguuni. "Jiwe?" Mkutano mzima ukasubiri yule bwana ashuke kijitoni na kurudi akihema, na alipofika juu alikuwa amesahau alichotaka kusema. Weee! Watu walicheka hadi katekista akatoka sakristia kuuliza kulikoni.

Lakini mpenda maneno hashindwi na mawe. Muuza kabichi alianza kuja na matatu, akayapanga mbele yake kabla ya mkutano kufunguliwa, na kila akimaliza hoja analisukuma moja kwa mguu. Msingi ulipokamilika ilisemekana theluthi nzima ni maneno yake. Alikuwa anawaonyesha wageni: "Kona ile yote ni hoja yangu ya bomba la maji."

Mikutano ikawa mifupi, na kila kilichosemwa kilikuwa kimefikiriwa njiani. Mwenyekiti naye alibeba la kwake kila Jumapili kabla ya kufungua kikao, mwanamke mwenye goti bovu tangu nilipomfahamu.

Nyumbani kwake sasa, kulikuwa na nchi nyingine kabisa. Siku moja nilimsikia mume wake, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, akipendekeza kwamba ng'ombe afungwe upande wa pili wa banda. Alijibiwa kwamba ng'ombe atabaki alipo. Nikachokoza: "Mwenyekiti, si tungeitisha mkutano?" Akanigeukia na mwiko mkononi. "Hapa ni serikali kuu, baba. Serikali za mitaa zinaanzia nje ya ua." Mzee akanikonyeza, akaenda zake kumwangalia ng'ombe kulekule alikofungwa.

Alikuwa pia hapendi kukubali kwamba amekosea, na alikuwa mbahili wa sifa. Kwa miaka tisa alinisifu mara mbili, na mara moja kati ya hizo alidhani muhtasari umeandikwa na mtu mwingine.

Mihtasari ndiyo iliyonitia matatani.

Boma lilikuwa limefika lenta, juu ya madirisha. Barua ikaja kwamba katika mpango mpya wa nchi nzima, zahanati zitajengwa kwa ramani moja, kwenye eneo tambarare linalofikika kwa gari. Zahanati yetu ihamishiwe chini, barabarani. Kijiji kilete muhtasari wa mkutano mkuu unaoridhia, ndani ya wiki moja.

Eneo tambarare! Kwenye mlima wetu ukitaka kuweka sufuria chini unatafuta mahali kwanza. Nilijua nikipeleka barua ile itasomwa, itageuzwa kwa Kiluguru, itavuliwa miwani mara sita, na wiki itakwisha. Na mimi nilikuwa nimeomba uhamisho wa kwenda Mikese, kwenye lami, na faili langu lilikuwa mikononi mwa watu walewale wanaosubiri muhtasari.

Nikafanya ujinga. Nilikaa ofisini nikauandika muhtasari wa mkutano ambao haukuwahi kufanyika. Na niliuandika vizuri, Mungu anisamehe. Mahudhurio, ajenda, yatokanayo. Ili unoge nikaandika kwamba muuza kabichi alisimama na kuishukuru serikali kwa niaba ya wananchi. Hitimisho: wajumbe wote waliridhia. Kisha nikauchomeka katikati ya rundo la karatasi za kawaida, barua za utambulisho wa benki, za wanafunzi, za vibali vya ngoma, nikampelekea agonge muhuri.

Muhuri wa kijiji aliufunga kwenye ncha ya kanga, kama wenzake wanavyofunga hela ya samaki. Akaufungua, akaanza kugonga. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikaanza kupumua. Kwenye ya sita mkono ukasimama hewani. Akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza, kuanzia mahudhurio hadi mwisho. Kuku walikuwa wanaparua pembeni na mimi nilikuwa nawaonea wivu.

Akaufunga muhuri tena kwenye kanga. Hakunikaripia. "Jumapili utausoma mwenyewe," akasema. "Na usisahau jiwe."

Jumapili ile nilibeba jiwe zito kuliko yote niliyowahi kuyabeba, ingawa nakumbuka kabisa nilichagua dogo. Nikalitua. Nikasoma mbele ya kijiji kizima muhtasari wa mkutano wao ambao wao hawakuuhudhuria. Nilipofika kwenye shukrani, muuza kabichi aliruka kama aliyekanyaga kaa.

"Mimi? Nilishukuru mimi? Haya, jiwe langu la siku hiyo liko wapi?"

Ikawa kelele. Hapo hapakuwa na utetezi, maana kila mtu kijijini alijua mawe ya muuza kabichi moja moja. Bibi mmoja wa mbele akanyoosha fimbo kwangu, jiwe lake kishalitua zamani, akauliza swali moja tu.

"Hayo tulikubaliana lini?"

 Kazi niliiona inaponyoka, pengine na jela inanisubiri. Nikaona mama yangu Dumila akiletewa habari. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha mikono chini polepole hadi watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu, Mtendaji ametuletea rasimu. Rasimu ni kitu cha kurekebishwa, ndiyo maana kaisoma mbele yetu, tena na jiwe kabeba. Mtendaji, toa kalamu. Pale ulipoandika 'waliridhia', kata. Andika 'hawakuridhia'. Sasa tuanze na sababu. Nani ana jiwe?"

Tuliandika sababu kwa muda wa saa tatu. Jioni nilimfuata njiani nikamwomba radhi. Aliendelea kutembea.

"Wewe ni wa kwao au wa kwetu?"

"Wa pande zote mbili, Mwenyekiti. Ndivyo kazi ilivyo."

"Basi usizidanganye zote mbili kwa karatasi moja." Akapanda hatua kadhaa, akageuka. "Leo nimekusitiri kwa sababu nimezaa. Siku nyingine nitakuacha ulivyo."

Muhtasari ule wa kweli ulipofika wilayani, ofisa wa huko akaja mwenyewe, na mhandisi wake. Walipanda kwa pikipiki, kwa kijia ambacho mgonjwa angeangushwa njiani, hadi kiwanja cha kigango, viatu vinang'aa. Mkutano ukafunguliwa. Ofisa akasimama, akakohoa. "Wananchi, hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Nimekuja kuwaelewesha kwamba—"

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akasema kwa adabu zote, mikono kaikunja mbele, "karibu sana kwetu. Samahani. Jiwe liko wapi?"

 Mimi nilitazama migomba kama wale wanaume wa kijitoni. Muuza kabichi, kwa huruma, akasukuma moja ya mawe yake mbele: "Mheshimiwa achukue hili langu." Mwenyekiti akakataa kwa kichwa. Maneno ya mtu hayabebwi na mwingine.

Nitamheshimu ofisa yule hadi naingia kaburini. Alitutazama, akatazama kijito kule chini, akavua koti akampa mhandisi. Akashuka. Tulimsikia akiteleza, tukasikia akina mama wanaofua wakimwambia pole. Aliporudi alikuwa na jiwe begani, tope hadi magotini, na hana pumzi. Akalitua, akakaa juu yake.

Mwenyekiti akampelekea maji kwenye kikombe. "Pole, baba. Hapo ni kijitoni tu. Barabarani ni mara ishirini ya hapo. Sasa rudia safari hiyo ukiwa na uchungu wa mtoto."

Ofisa akanywa maji yote. Kisha akaanza kucheka, na sisi tukacheka, na nakuambia hewa ya mkutano ule ilibadilika.

Lakini mhandisi hakucheka. Alikuwa amezunguka boma, na alipoulizwa, akaenda kuchukua jiwe lake bila kuambiwa, hilo nalo lilimpendeza Mwenyekiti. Akasema ukuta wa nyuma umekaa vibaya. Maji ya mlima yatausukuma, na siku moja utawaangukia wagonjwa. Usogezwe mbele hatua nne, na nyuma uchimbwe mfereji. Watu wakaguna. Ukuta ule ulikuwa jasho la mwaka mzima. Wengine wakasema ni hila za kutuchosha, kama bibi zetu walivyochoshwa na matuta waliyolazimishwa kuchimba na wakoloni. Wote tukamtazama Mwenyekiti, mwanamke asiyekubali kosa hata la chumvi kwenye mboga.

Alikwenda nyuma ya boma na mhandisi. Walikaa huko muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umemkauka.

"Katika hili watu wa juu wamesema kweli," akasema. "Leteni nyundo."

Akagonga tofali la kwanza yeye. Alikuwa analia, na hakujificha.

Ikawa hivyo. Zahanati ikabaki juu, ukuta ukasogea. Ofisa akawaandikia wakubwa wake kwamba ramani ya taifa ipunguzwe upana kwa ajili ya mlima, na huko nako wakakubali, sijui alibeba jiwe gani huko. Mabati yakaja na lori, lori likaishia barabarani, tukayapandisha kichwani, na kwa mara ya kwanza nilipanda mlima ule bila kuanguka. Jiwe la ofisa likawekwa mlangoni, ndilo watu wanalolikanyagia kufuta tope.

Uchaguzi uliofuata walimwangusha. Mpinzani wake alikuwa muuza kabichi, na kampeni yake ilikuwa sentensi moja: "Mkinichagua, mtasema bure." Alishinda asubuhi. Mwenyekiti alimkabidhi muhuri mbele ya watu, akamfundisha namna ya kuufunga kwenye leso kwa kuwa hana kanga, akarudi kwenye karoti zake. Mimi nilihamishwa Mikese mwaka huohuo, kwenye lami niliyoililia, na nikagundua kwamba lami haina stori.

Juzi nilipanda kumsalimia. Mume wake akanielekeza zahanati. Nilimkuta kwenye benchi, wa saba kwenye foleni, goti limevimba, miwani ileile na uzi mpya. Nesi alikuwa binti mgeni kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, ana miezi miwili tu pale.

"Bibi, wazee wanatibiwa bure, lakini nahitaji barua ya kijiji yenye muhuri. Iko wapi?"

Damu ikanipanda. Nikasimama. "Dada, unajua unazungumza na nani? Unajua hizi kuta—"

Mkono ukanivuta shati kwa nguvu nikarudi kwenye benchi. "Kaa, Mtendaji. Mwache aulize." Akajiinua kwa fimbo. "Mtumishi wa serikali kaletwa kutoka mbali, na kabla ya kufanya jambo anakiuliza kijiji. Mimi ndiye nimkasirikie?"

Tukaenda kwa Mwenyekiti mpya, polepole. Muuza kabichi alitupokea kwa hotuba. Mtendaji wake kaenda semina, na yeye mwandiko wake, alisema mwenyewe, ni wa kuku. Basi nikakaa mimi kwenye kimeza kile chenye mguu mbovu. Nikaandika jina lake kamili, jina ambalo kwa miaka tisa sikuwahi kulitamka. Muuza kabichi akaufungua muhuri kwenye leso.

"Asome kwanza," Mwenyekiti wangu akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma. "Namtambulisha kwako mtajwa hapo juu, mkazi wa kijiji hiki, ambaye ni mzee asiyejiweza—"

"Hayo tulikubaliana lini?"

Muuza kabichi alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Mimi sikuweza kucheka, macho yalikuwa yananiwasha. Nikakata neno. Nikaandika "mzee wa kijiji hiki", nukta. Akaichukua barua, akaisoma mwenyewe midomo ikicheza, akairudisha ipigwe muhuri.

Tulipokaribia zahanati alisimama, akainama kwa shida kando ya njia, akaokota jiwe.

"La nini tena, Mwenyekiti? Si kanuni ilifutwa?"

"Mfereji wa nyuma umeziba majani. Nataka kumwambia yule nesi."

Nikanyoosha mikono nimpokee, na lile goti lake. Akalisogeza jiwe upande wa pili wa kifua.

"Hili ni la kwangu. Kama na wewe una neno, okota lako."

Nikainama, nikatafuta kubwa.